Mapitio ya Google Scholar: Kusoma Rekodi ya Mtafiti wa Ubongo

Mtu anapofungua ukurasa wa Karl Friston, mtafiti wa sayansi ya ubongo wa University College London, katika Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, macho yake hayatui kwanza kwenye makala. Yanatua kwenye kisanduku kidogo cha upande wa kulia chenye jumla ya manukuu (mara ambazo makala zake zimetajwa katika makala nyingine), kipimo cha h na kipimo cha i10 (idadi ya makala zilizonukuliwa walau mara kumi), na chini yake nguzo za kijivu zinazoonyesha manukuu ya kila mwaka. Tarakimu za Friston ni kubwa ajabu: manukuu yamepita 300,000, na kipimo cha h kimevuka 250, yaani ana makala zaidi ya 250 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 250. Huduma inayatoa haya bila malipo wala usajili, lakini haielezi yametokana na nini, na kwangu hilo ndilo la kupimwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Friston alitengeneza SPM, programu ya kuchambua kitakwimu picha za ubongo, akaigawa bure. Maabara zilizoitumia zikawa zinanukuu makala za mbinu hizo hata pale utafiti wenyewe ulipohusu lugha, maumivu au sonona. Hivyo manukuu mengi ni ya kukiri chombo kilichotumika, na anayeyachukua kuwa kura za kuunga mkono kanuni yake ya nishati huru, nadharia kwamba ubongo hufanya kazi kwa kupunguza makosa ya utabiri wake, ambayo wanasayansi bado wanaibishania, atakuwa amekosea. Kutengeneza chombo kinachotegemewa na taaluma nzima ni mchango mkubwa, ila ni mchango wa aina nyingine, na kisanduku kile hakitofautishi.

Ubora wa huduma hii uko chini ya jina la kila makala, kwenye kiungo kinachoonyesha imenukuliwa mara ngapi. Ukikibofya unapata orodha ya makala zilizoinukuu, na juu ya orodha kuna kijisanduku cha kuweka alama ili utafute ndani ya makala hizo pekee. Chukua makala ya John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky ya mwaka 1971 katika jarida la Brain Research, yenye kurasa tano tu, iliyoripoti kuwa zipo seli katika hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zinazoamka pale panya anapofika mahali fulani. Andika neno "gridi" kwa Kiingereza, chuja kwa miaka, na utaona wazo likisafiri hadi kwa May-Britt na Edvard Moser wa Trondheim, Norwei, ambao kundi lao lilitangaza mwaka 2005 seli za gridi, zinazoamka katika sehemu nyingi zilizopangika kama wavu, na waliogawana na O'Keefe Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kumfundisha mwanafunzi namna ugunduzi unavyozaa ugunduzi. Na katika kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kurasa zile tano zinahesabiwa kuwa makala moja, sawasawa na makala yoyote ya kawaida iliyofikisha idadi inayotakiwa.

Udhaifu mkubwa ni kwamba Google haichapishi orodha ya vyanzo inavyovihesabu. Tasnifu, rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, hata faili zilizowekwa kwenye tovuti za vyuo huingia, ndiyo maana hesabu zake kwa kawaida huzidi zile za Scopus na Web of Science, hifadhidata za kulipia. Mwaka 2010 Cyril Labbé wa Grenoble, Ufaransa, aliiweka wazi hatari hiyo: alibuni mtafiti asiyekuwepo aitwaye Ike Antkare, akamtengenezea kwa kompyuta makala zipatazo mia moja zisizo na maana, zinazonukuliana zenyewe kwa zenyewe, na kipimo chake cha h kikafika 94.

Jambo linaloniuma zaidi ni makala zilizoondolewa. Makala ya mwaka 2006 katika jarida la Nature kuhusu amiloidi, protini inayojikusanya kwenye ubongo, na ugonjwa wa Alzheimer ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 2,000 ilipoondolewa mwaka 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa. Kuondolewa huko hakufuti manukuu yaliyokwisha kuhesabiwa, na katika ugonjwa unaowanyang'anya wazee wetu kumbukumbu, mtu anayeanza utafiti anastahili kuonywa papo hapo kwenye tarakimu.

Hata hivyo, kwa mwanafunzi ambaye chuo chake hakimudu ada za hifadhidata za kulipia, kiungo cha PDF kinachotokea kando ya matokeo kina thamani kubwa kuliko vipimo vyote vitatu. Ningemshauri aanze hapo, na kamati za ajira zinazodai kipimo cha h zimwombe mwombaji makala zake tatu zilizo bora, kisha wajumbe wazisome.