Ubani wa Dhofar au udi: uanze na upi?
Anza na ubani. Ni utomvu wa mti unaogemwa Dhofar, Oman, bei yake ni nafuu kuliko ya udi, na punje mbili tatu zinatosha sebule nzima. Chagua hojari, mweupe wenye ukijani; harufu yake inakaribia ya ndimu.

Udi ni mti wenyewe, kutoka Asia, na uzuri wake uko kwenye nguo na nywele: kipande kama ukucha kwenye chetezo, kanzu juu yake, na harufu inakaa hadi kesho. Wa bei rahisi mno aghalabu ni mbao iliyopakwa mafuta.

Vyote huharibiwa na kaa kali. Subiri livae jivu jeupe, kisha ongeza jivu kidogo juu. Ukiona moshi mweusi, vinaungua.