Chungu cha hoya ya kuning'inia: kipi ununue ukiwa Dodoma

Hoya ni mmea wa maua, na kwao Asia hudandia miti. Mizizi yake hulowa mvua ikinyesha, kisha hupata hewa. Ndani ya nyumba kinachoiua zaidi ni maji yaliyotuama, kwa hiyo kabla ya rangi na bei, geuza chungu utazame matundu.

Wengi husifu chungu cha udongo, na kwa unyevu wa Tanga au Dar es Salaam wana haki. Dodoma mambo ni mengine: kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni nadra, na hewa kavu hufyonza maji kupitia kuta za chungu.

1. Kopo la plastiki lenye matundu. Hili ndilo letu la kwanza. Chagua la kipenyo cha sentimita 12 hadi 15, lenye matundu manne au zaidi. Bonyeza ukingo kwa kidole gumba: ukibaki na alama nyeupe, plastiki imechoka, rudisha. Mengi ya kuning'iniza huwa na sahani iliyobanwa chini, na hapo ndipo mizizi huozea bila kuonekana. Ibandue wakati wa kumwagilia, uirudishe maji yakishachuruzika.

2. Chungu cha udongo. Kinamfaa mwenye mazoea ya kumwagilia mara kwa mara. Kiangazi kikague kila siku tatu au nne. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe nje. Sugua kwa brashi, kisha pitisha maji ya mvua mengi hadi yatoke chini.

3. Dumu la lita 3 lililokatwa. Halina urembo, ila linafanya kazi. Toboa matundu sita kwa msumari uliopashwa moto.

4. Chungu cha saruji. Kiweke sakafuni au kwenye rafu imara. Kukining'iniza ni hatari.

5. Seramiki isiyo na tundu. Ifanye vazi la nje tu, kopo la plastiki likae ndani.

Usinunue kikubwa ukidhani mmea utakua upesi. Kizidi donge la mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu. Udongo usiofikiwa na mizizi hubaki umelowa, na kuoza huanzia hapo. Udongo mweusi wa mbuga usiutumie kabisa, unashikamana mno. Changanya sehemu mbili za nyuzi za makumbi ya nazi, moja ya mkaa uliovunjwa kama punje za mahindi, na moja ya samadi iliyooza vizuri.

Kulabu isifungwe kwenye dari ya jipsamu tupu. Mwambie fundi atafute mbao ya kenchi, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Unapohamisha mmea, usikate vile vikonyo vifupi vilivyobaki baada ya maua kudondoka: hoya huchanua tena palepale.