Uzoefu Wangu na Skani ya CT ya Kichwa Mjini Malindi

Kikombe cha kahawa kilimponyoka ami yangu saa 1:10 asubuhi, tukiwa tumeketi mkekani nyumbani kwangu hapa Malindi. Alikuwa amekuja kutoka Lamu siku mbili kabla kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake, na alfajiri ile alikuwa ameswali msikitini na kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Alipojaribu kusema, maneno yalitoka yamevurugika, kisha hayakutoka kabisa, na upande wa kulia wa uso wake ukateremka. Ninautaja wakati huo kwa dakika kwa sababu ndilo swali la kwanza tuliloulizwa kila tulipofika, na kwa sababu maoni yangu yote kuhusu huduma tuliyopata yanatokana na saa hiyo.

Kabla gari halijafika, jirani alileta asali na maji ya uvuguvugu, na ndugu yangu akatoa aspirini mfukoni, kwani alikuwa amesikia kwamba husaidia mtu wa kiharusi. Nashukuru kwamba hatukumpa chochote. Hospitalini tulielezwa kwamba mtu aliyepooza upande mmoja huenda koo lake nalo limelegea, na kinywaji kikaingia mapafuni. Tulielezwa pia kwamba aspirini ni dawa kwa aina moja ya kiharusi na ni hatari kwa aina nyingine. Daktari alimpima presha, akampima sukari kwa kumtoboa kidole, kwa kuwa sukari ikishuka sana huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi, kisha akasema hawezi kuendelea mpaka apate picha ya ubongo.

Jambo hili wengi wetu hatulijui. Kiharusi ni jina moja la maradhi mawili yanayopingana: mshipa wa ubongo unaweza kuziba kwa donge la damu, au unaweza kupasuka damu ikavuja. Kwa nje mgonjwa huonekana vilevile, mkono ule ule umelegea na mdomo ule ule umepinda, na hata daktari mzoefu hawezi kuyatenganisha kwa uhakika kwa macho. Matibabu ya la kwanza ni kuifanya damu ipite, na ukimpa dawa hiyo mtu wa la pili unaweza kumuua. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakikisia, hadi Godfrey Hounsfield wa Uingereza alipotengeneza mashine ya CT, inayozungusha eksirei kuuzunguka mwili na kutoa picha za ndani yake, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo mjini London tarehe 1 Oktoba 1971. Hesabu za kuunda picha kutokana na mionzi inayopita mwilini kwa pembe nyingi zilikuwa zimeshafanyiwa kazi na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Tulifika kwenye kituo cha picha saa 2:55. Nilitoa shilingi 9,500 kwa simu, na sikuombwa kusubiri foleni, kwani karatasi ya daktari ilikuwa imeandikwa kiharusi kwa wino mwekundu. Mpiga picha alikuwa dada mtulivu sana. Alimvua ami kofia yake ya kutarizi, akaikunja mara mbili na kunikabidhi kwa mikono miwili kama anayerudisha amana, kisha akamwondoa meno ya bandia, akakilaza kichwa chake katika kishikio chenye sifongo na kukifunga kwa mkanda juu ya paji la uso. “Mzee wangu, najua huwezi kunijibu,” alimwambia, “lakini unanisikia. Usikitikise kichwa, ni muda mfupi tu.” Kitanda kiliingia kwenye duara la mashine, kikasikika kitu kikizunguka ndani yake, na kabla sijamaliza kusoma Ayatul Kursiyyi kitanda kilikuwa kimetoka. Kwa wanaoogopa mionzi, nilielezwa kwamba skani moja ya kichwa ni kama milisiverti 2 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), nayo ni pungufu kidogo ya mionzi ya asili ambayo mtu hupata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, angani na katika chakula.

Kwa hiyo sehemu ya kupiga picha naisifu bila kusita. Mashine ilikuwa nzima, umeme haukukatika, na mgonjwa alitendewa kama mtu.

Lalamiko langu ni ripoti. Picha ilikuwa tayari saa 3:05, lakini daktari wa kuisoma hakuwepo. Picha hutumwa kwa mtandao kwa mtaalamu aliye mji mwingine, naye huzisoma kwa zamu pamoja na za vituo vingine. Nilimwuliza yule dada kama ameona damu. Alinitazama kwa huruma na kuniambia kwamba kazi yake ni kupiga, kusoma si mamlaka yake, na sikumlaumu. Ripoti ilifika saa 6:20 mchana. Dawa ya sindano ya kuyeyusha donge, ambayo utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kwamba inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3, na ambayo utafiti mwingine wa mwaka 2008 uliisogeza hadi saa 4 na nusu, kwa ami yangu ilikuwa na mwisho wake saa 5:40. Daktari wetu alikuwa amekwisha kuzungumza na hospitali moja ya Mombasa yenye dawa hiyo, wakamwambia hawampokei kwa ajili ya sindano bila uhakika kwamba hakuna damu iliyovuja. Kutoka hapa hadi Mombasa ni mwendo wa kama saa mbili. Tungeondoka saa 3:30 tukiwa na jibu mkononi, tungefika kwa shida, dakika chache kabla ya mlango kufungwa. Sisemi kwamba angepona. Nasema nafasi ya kujaribu ilipotea ikingoja mtu afungue picha kwenye kompyuta. Mwaka 2006 mtafiti wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba bila matibabu, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Sisi tulikaa kwenye benchi kwa zaidi ya saa tatu.

Ripoti yenyewe ilikuwa fupi: hakuna damu iliyovuja, na hakuna badiliko jingine la wazi. Hapo pakazuka balaa la pili. Wazee wetu walisema kwamba kama picha haina kitu, basi maradhi haya si ya hospitali, na arudishwe nyumbani asomewe. Kisomo tulimsomea, na ninakiamini, lakini tulimsomea akiwa wodini, kwa sababu daktari alitukalisha na kutufafanulia maana ya karatasi ile. Damu iliyovuja huonekana nyeupe kwenye CT tangu mwanzo, ndiyo maana mashine hii ni hodari wa kuikana au kuithibitisha. Lakini nyama ya ubongo iliyokosa damu hubadilika rangi polepole, na katika saa za mwanzo inaweza kufanana kabisa na nyama nzima. Kwa hiyo jibu la “hakuna kitu” lilikuwa habari muhimu: liliondoa kupasuka, likaacha kuziba. Mchana ule ule alipewa aspirini kupitia mpira wa puani, safari hii kwa uhakika. Naomba vituo vya picha viandike sentensi hiyo moja ndani ya ripoti, kwamba CT safi ya mapema haimaanishi kuwa hakuna kiharusi, kwa sababu ripoti husomwa na familia kabla ya daktari.

Siku ya tatu tulimpeleka Mombasa kwa skani ya MRI. Hii haina mionzi bali sumaku yenye nguvu nyingi, na ni lazima useme mapema kama mgonjwa ana chuma mwilini au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Ndani mna kelele kama za fundi anayepiga nyundo juu ya bati, kwa hiyo huzibwa masikio, na ilichukua karibu nusu saa. Kuna aina ya picha ya MRI inayopima jinsi maji yanavyotembea kati ya seli. Seli iliyokosa damu huvimba, maji yakabanwa yasitembee, na sehemu hiyo hung’aa ndani ya dakika chache tangu mshipa uzibe. Daktari alituwekea picha hizo mbili bega kwa bega. Kwenye ya Malindi sikuona tofauti kati ya kulia na kushoto, na kwenye ya Mombasa palikuwa na doa jeupe upande wa kushoto, kiasi cha kokwa ya tende, mahali panapohusika na matamshi. Nilimwona ami akilitazama kwa muda mrefu.

Daktari huyo alinieleza kwamba picha za aina hii zimebadilisha hata matibabu ya watu wanaoamka usingizini wakiwa tayari wamepooza. Zamani watu hao waliachwa kwa kuwa hakuna aliyejua saa ilipoanza. Utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka 2018 ulilinganisha aina mbili za picha za MRI: ikiwa moja inang’aa na nyingine bado haijabadilika, kiharusi huenda ni cha karibuni, na mgonjwa anaweza kupewa sindano. Picha ikawa badala ya saa. Nilipoyasikia hayo niliwafikiria watu wa Lamu, ambao mgonjwa wao kwanza huvushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha hushika barabara ndefu ya Witu na Garsen kabla ya kuiona Malindi.

Miezi mitatu baadaye tuliporudi kliniki, ami alikuwa akitembea kwa bakora na kusema sentensi fupi. Alikuwa ameulizwa mara ya kwanza kama picha zake zinaweza kutumika katika utafiti, lakini kwa kuwa hakuweza kusema, muuguzi aliiweka fomu kando na kusema watamngoja yeye mwenyewe, wala hakutaka mimi nimsainie. Jambo hilo lilinigusa. Sasa alisomewa fomu yote kwa Kiswahili. Jina lingeondolewa. Niliuliza kama hilo linatosha, nikajibiwa kwamba skani ya kichwa ina hata umbo la uso, na kompyuta inaweza kuliunda upya, kwa hiyo watafiti huufuta uso kwenye picha na kuubakiza ubongo peke yake.

Ami aliuliza swali moja, kwa taratibu: “Na wa Lamu?” Akajibiwa kwamba picha za watu wetu ni chache katika tafiti hizi, na ndiyo sababu wanaziomba. Akavuta fomu kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, uliochonga milango kwa miaka arubaini, ulikuwa bado hauwezi kushika kalamu, basi akatia dole gumba la kushoto kwenye wino na kulibandika chini ya jina lake.