Mkunga anayekuja nyumbani kwa ajili ya usingizi wa mtoto: jinsi tulivyohudumiwa Katuba, Lubumbashi

Huduma ninayoieleza hapa inatolewa na mkunga mmoja wa Lubumbashi, mwenye miaka mingi ya kazi ya kuzalisha, ambaye sasa huwatembelea wazazi waliolemewa na usiku wa mtoto mchanga. Hana ofisi wala bango. Unampata kwa kuelekezwa na mama aliyewahi kumwita, nami nilielekezwa hivyo mwezi wa Juni, mtoto wetu alipokuwa na miezi minne. Ada yake ni dola 25 kwa ziara tatu, mojawapo ya usiku kucha, na nauli yake unaongeza wewe. Kwa mshahara wa mwalimu hizo si fedha kidogo.

Tulipomwita tulikuwa tumeishiwa nguvu. Sheria ya kazi ya Kongo humpa mama likizo ya uzazi ya majuma 14, na kwa kuwa sehemu yake huanza kabla ya kujifungua, nilirudi darasani mtoto akiwa na miezi miwili tu. Mume wangu hufanya zamu za usiku mgodini, na mama mkwe, tunayeishi naye, alikuwa akimpokea mtoto asubuhi hali naye amekesha. Tulikuwa tumejaribu programu moja ya simu iliyotutaka tumnyonyeshe kwa saa zilizopangwa na tumwache alie usiku mpaka anyamaze mwenyewe. Usiku wa pili mama mkwe aliingia chumbani bila kubisha, akamtwaa mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge na kutembea naye sebuleni hadi alipolala. Nilimshukuru moyoni, ingawa siku ile sikumwambia. Kisha muuzaji mmoja wa dawa akanishauri nimpe sharubati ya promethazini ili apumzike. Niliikataa kwa woga tu. Mkunga ndiye aliyenifafanulia kwamba dawa hiyo hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake hadi kufa, na kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu yake mwaka 2004.

Katika ziara ya kwanza alikaa karibu saa mbili bila kutoa ushauri wowote. Aliomba kadi ya kupimia uzito, akamtazama mtoto akinyonya, akauliza nani analala wapi, baba anarudi saa ngapi, na mimi mwenyewe nimekula nini tangu asubuhi. Alisema wazi kwamba mtoto mwenye homa au asiyeongezeka uzito hamshughulikii yeye, bali humpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Ndipo akatuhesabia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku nzima, pamoja na ule wa mchana. Tofauti ya saa nne kati ya mtoto na mtoto ni kubwa, na ratiba ya mtoto wa jirani haiwezi kumfaa wako. Wetu alikuwa mtu wa saa 13. Nne kati ya hizo alizimaliza mchana, nasi tulikuwa tukimlaza saa moja jioni na kumtarajia aamke saa moja asubuhi! Hakuna aliyekuwa ametuonyesha hesabu hiyo rahisi. Tulianza kumlaza saa tatu usiku, na asubuhi kumtoa nje kwenye mwanga wa jua, na baada ya siku nne zile saa mbili za kulia kila jioni zilikuwa zimekwisha.

Ziara ya usiku ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote. Ilipofika saa nane mtoto alianza kuguna, akakunja uso, akatupa mkono mmoja nje ya nguo. Nilikuwa nimekwisha kuinua chandarua ili nimchukue, kama nilivyofanya kila usiku, mkunga aliponishika kifundo cha mkono akaninong'oneza: "Ngoja, mama. Bado analala." Tulisimama gizani, umeme ukiwa umekatika, tukimtazama kwa mwanga wa simu uliofunikwa kwa kidole. Alitafuna hewa mara mbili, akashusha pumzi ndefu, akatulia. Mtoto wa umri huo, alinieleza, huzunguka kutoka usingizi mwepesi hadi mzito kwa muda usiofika saa moja, na katika ule mwepesi huguna na kujinyoosha bila kuamka. Mara nyingi niliyemwamsha nilikuwa mimi. Lakini hakuigeuza kuwa kanuni. Saa kumi alipolia kweli, ni yeye mkunga aliyemnyanyua upesi na kunikabidhi ninyonyeshe.

Katika mambo mawili tu hakutaka majadiliano. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto wala blanketi zito. Na mbabula, yaani jiko la makaa, isiingie chumbani hata baridi ya Juni iwe kali namna gani, kwa kuwa hewa ya sumu ya makaa haina harufu. Mengine yote aliyapanga pamoja nasi. Usingizi wa mgongoni aliuhesabu kuwa usingizi halali wa mchana, na nilimwona mama mkwe akinyanyua uso kwa fahari. Kisha akagawa usiku wetu: mimi nilale saa mbili usiku mtoto akiwa kwa nyanya yake, nyanya ampokee tena saa kumi na moja alfajiri, na baba amchukue jioni za mapumziko yake. Sijawahi kuona mtu wa afya akiuliza usingizi wa mama kwa uzito uleule wa usingizi wa mtoto.

Dosari zipo. Ziara ya pili alichelewa saa moja na nusu, na ujumbe wa sauti niliomtumia baadaye aliujibu baada ya siku mbili, ambazo ni nyingi mno kwa mzazi asiyelala. Haachi maandishi yoyote, hivyo mume wangu alipata kila kitu kwa kusimuliwa. Kubwa zaidi, hakumhoji mama mkwe peke yake tangu mwanzo; ilipofika ziara ya tatu ndipo tulipogundua kwamba mtoto alikuwa akipewa uji kila jioni, ilhali maziwa ya mama peke yake ndiyo yanayopendekezwa hadi miezi sita.

Mtoto sasa ana miezi saba. Anaamka mara mbili, si tano, nami hunyonyesha na kurudi kulala bila kuiangalia saa. Nimemwomba mkunga arudi mwezi wa Oktoba, joto litakapopanda na chumba chetu cha mabati kuwa tanuru hadi usiku wa manane, na safari hii ataanza kwa kuzungumza na nyanya.