Organic Maps jijini Dar es Salaam: ramani isiyouliza wewe ni nani

Kati ya taarifa zote ambazo simu hukusanya kuhusu mwenye nayo, sioni inayomfichua zaidi ya mahali alipo. Anayejua simu yako inalala wapi usiku, inashinda wapi mchana, na siku ya Ijumaa au Jumapili inaingia nyumba gani ya ibada, ameshajua makazi yako, kazi yako na dini yako bila kukuuliza swali hata moja. Akiiona mara kwa mara kwenye kliniki fulani, atajua na maradhi yako. Kwa hiyo mtu anayetaka kupunguza utegemezi wake kwa kampuni kubwa za teknolojia namshauri aanze na ramani, hata kabla ya barua pepe. Programu ninayoitathmini hapa, Organic Maps, ndiyo ninayoitumia katika mizunguko yangu ya kila siku jijini.

Sababu za kuhama ziko wazi. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press lilibainisha kwamba Google iliendelea kuhifadhi taarifa za mahali alipo mtumiaji hata baada ya yeye kuzima historia ya mahali, kwa kuwa kipengele kingine, chenye jina tofauti, kilibaki kimewashwa. Novemba 2022 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 391.5 katika makubaliano na majimbo 40 ya Marekani kuhusu suala hilo. Baadaye ilitangaza kwamba historia ya safari itahifadhiwa ndani ya simu yenyewe, jambo ambalo ni jema, ingawa mtumiaji anabaki kutegemea mipangilio ya kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo.

Organic Maps ilianzishwa na baadhi ya waasisi wa MAPS.ME baada ya programu hiyo ya awali kuuzwa na kubadilika. Unapakua ramani ya eneo unalolihitaji, na tangu hapo kutafuta mahali na kupanga njia hufanyika ndani ya simu yako. Haidai akaunti, haioneshi matangazo, wala haina vifuatiliaji vilivyofichwa ndani yake. Ukiandika jina la hospitali kwenye kisanduku cha kutafutia, neno hilo halitoki nje ya simu. Faida ya pili inakuja yenyewe: bando likikatika katikati ya safari, ramani inaendelea kukuongoza kama kawaida, na hilo peke yake limewavuta watu ambao suala la faragha halikuwa limewagusa.

Ubora wa ramani yenyewe unatokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004, ambao huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote na kutumiwa na yeyote bure. Hapa ndipo Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu wakishirikiana na wakazi wa kata mbalimbali walipita mtaa kwa mtaa wakirekodi barabara, majengo, mitaro na vichochoro, lengo likiwa kujiandaa na mafuriko yanayolisumbua jiji kila mvua kubwa zinaponyesha. Matunda ya kazi hiyo unayaona ukiikuza ramani juu ya Tandale: vijia vyembamba vinavyopenya kati ya nyumba, mitaro, vivuko vya miguu. Nikiomba njia ya miguu kutoka Magomeni kuingia Tandale, mstari haung'ang'anii barabara kuu, bali unakata uchochoroni vilevile ambavyo mwenyeji angekuelekeza. Nairobi nayo ina historia ya namna hiyo, kwani vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao mwaka 2009, wakati ramani nyingi zilikuwa zimeuacha mtupu. Ninapoitumia programu hii najua kwamba kazi iliyo mbele yangu ni ya watu walioifanya kwa ajili ya majirani zao, na sitaki kuificha furaha ninayoipata kwa hilo.

Mapungufu yapo, na mengine ni makubwa. Haioneshi foleni, kwa hiyo haiwezi kukuonya kwamba Barabara ya Mandela imefunga. Haipangi safari za daladala. Maduka na migahawa mipya huchelewa kuingia, na namba za nyumba ni chache, hivyo utafutaji hufanikiwa zaidi ukitaja shule, msikiti, kanisa au kituo cha afya kilicho jirani, jambo ambalo watu wa Dar es Salaam wamelizoea. Duka la dawa lisilokuwepo unaweza kuliongeza mwenyewe ndani ya programu, pamoja na saa za kufungua, ila kwa kutuma masahihisho hayo utahitaji akaunti ya OpenStreetMap. Dereva anayepata riziki kwa kukwepa foleni simshauri aitegemee peke yake. Muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani, au mwandishi wa habari anayemlinda mtoa habari wake, namshauri aipakue leo.

Isichukuliwe pia kwamba kubadilisha programu kunamfanya mtu asionekane. Mtandao wa simu bado unajua uko karibu na mnara upi. Kwenye simu ya Android, toleo linalopatikana Play Store linaweza kutumia huduma za Google kutambua mahali ulipo. Ingia kwenye mipangilio uzizime, au chukua toleo la F-Droid, duka la programu huria za Android, ambalo halina huduma hizo. Kagua vilevile ruhusa za programu nyingine, kwa sababu programu ya tochi au ya mchezo iliyoruhusiwa kusoma mahali ulipo itaendelea kusoma.

Programu ni ya bure na huendeshwa kwa michango. Mwaka 2025 baadhi ya wachangiaji, wasioridhishwa na jinsi mradi ulivyokuwa ukisimamiwa, walijitenga wakaanzisha CoMaps kwa kutumia msimbo uleule, kwa kuwa leseni yake inaruhusu. Sijaona sababu ya kuhama kwa sasa. Hata hivyo, maeneo yote niliyoyahifadhi yanaweza kutolewa kama faili la KML, muundo wa kuhifadhi alama za ramani unaosomwa na programu nyingi, na kufunguliwa kwenye CoMaps bila kumwomba mtu ruhusa.