CRADLE VSA: mashine ya presha kwa kliniki ya wajawazito

Mashine nyingi za presha za madukani hazijahakikiwa kwa wajawazito, na kwa mwenye priklampsia (presha ya juu ya ujauzito inayoweza kudhuru viungo na kuleta kifafa cha mimba) huweza kukosea vibaya: presha iko juu, kioo kinaonyesha ndogo. CRADLE VSA, kazi ya Microlife na King's College London, imehakikiwa kwa wajawazito, wakiwemo wenye priklampsia. Kwa zahanati, hiyo tu ni sababu ya kuitafuta.

Upepo unajazwa kwa kubinya mpira, hivyo chaji haiishi haraka, na chaja ya simu ya micro-USB inatosha. Majibu yakitoka, taa inawaka. Kijani ni chini ya 140/90. Njano yenye mshale wa juu huanzia hapo; nyekundu huanzia 160 kwa namba ya juu au 110 kwa ya chini. Mishale ya kushuka ni ya mama anayepoteza damu: mapigo ya moyo yakigawanywa kwa namba ya juu ya presha, 0.9 huleta njano na 1.7 nyekundu.

Mama akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na rufaa za bure zinaanzia hapo.

Kasoro yake ni kwamba taa inashawishi. Wapo wanaoandika "kijani" kwenye kadi badala ya 138/88, kumbe mwezi uliopita alikuwa 105/65. Na kijani hakimwachilii mwenye kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia. Mpime protini kwenye mkojo hata hivyo. Kifafa cha mimba huweza kumpata hata ambaye presha yake haikutisha, na hata baada ya kujifungua. Mama huvuja damu kwenye ubongo au figo zikagoma. Mtoto hukosa hewa, hasa kondo likibanduka.

Jaribio la CRADLE-3, katika maeneo 10 ya Afrika, India na Haiti, halikuthibitisha kwamba mashine peke yake ndiyo iliyopunguza vifo na kifafa. Haishangazi. Taa nyekundu kwenye zahanati ambayo kabati lake halina magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia na kutibu kifafa cha mimba, haitibu mtu. Dozi yake ya kuanzia ni 4 g mshipani: mililita 8 za dawa ya 50% na 12 za maji ya sindano, polepole kwa dakika 5 hadi 20, kisha 5 g kila tako. Usiipeleke 50% mshipani bila kuichanganya. Kabla ya kurudia 5 g baada ya saa 4, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo ufike mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kutuliza sumu ya magnesiamu ikizidi, iwe karibu. Magnesiamu si dawa ya presha. Dawa ya kuishusha, kama nifedipini au haidralazini, inahitajika pia.

Ukiagiza, muulize muuzaji kama ana mkanda wa akiba na wa mkono mnene.