TAHADHARI: anayeuza "router ya 5G" pale Mwanga, Kigoma, ni MWIZI

Watu wa Kigoma naombeni mnisikilize, nina hasira na aibu juu. Kuna jamaa ana duka Mwanga anauza router, kanipiga laki tatu na nusu.

Modemu yangu ya zamani ni dhaifu, madogo wakishaingia mtandaoni kazi zangu zote zinasimama, nikasema sasa ninunue kitu chenye nguvu nipumzike. Nikamwambia nataka router ya laini, ya 5G. Akatoa moja ina antena nne, boksi bado lina nailoni, akalichana mbele yangu, akachomeka laini yangu, akawasha, akasema dada yangu shika simu yako mwenyewe utafute waifai. Nikatafuta nikaona majina mawili, moja limeishia na 5G, limeandikwa hivyohivyo kwenye simu YANGU! Akasema si unaona? Nikapima spidi ikagonga Mbps sabini na kitu. Sasa mtu kakuonesha kwa macho yako, kwenye simu yako, usiamini kwa lipi? Leseni ipo ukutani, na shemeji alishanunua chaja pale mpaka leo inafanya kazi. Risiti akasema mashine imeisha chaji nipitie kesho.

Kumbe nyuma ya router kulikuwa na waya umechomekwa unatoka kwenye faiba ya duka lake! Ile spidi ilikuwa ya faiba, laini yangu imekaa pale kama pambo. Nafika Gungu nawasha, mambo ni yaleyale ya modemu ya zamani. Mdogo wangu kaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya router, 192.168.1.1, akakuta ni 4G ya Cat 4, yaani mwisho wake ni Mbps 150 hata mnara ujengwe uani kwako, na 5G haitashika milele. Ile 5G ya kwenye jina la waifai ni gigahezi 5, mawimbi ya kutoka router kuja kwenye simu, na ya mnara ni kitu kingine kabisa. Router za 4G zenye jina hilo zipo kibao, na yeye anayeziuza kila siku analijua hilo vizuri sana.

Nimerudi, mbele ya wateja ananiambia "dada labda hujui kutumia". MIMI! Hela hataki kurudisha.

Huyu afungiwe duka, TRA wapite waikague hiyo mashine yake isiyo na chaji, FCC, wale Tume ya Ushindani wanaolinda wateja, nao waje, na polisi alale ndani kabisa maana anakula jasho la watu mchana kweupe. Mkienda kununua chomoeni waya zote za nyuma isipokuwa wa umeme kwanza ndo mpime, geuza router chini usome modeli uitafute Google kabla hujatoa hela, asiyetoa risiti ondoka.

Kama na wewe kakuuzia nitumie meseji leo, jumatatu naenda polisi na sitaki kwenda peke yangu.